Sauti ya Dada Tulivu

2 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefika, nimepata chumba, na sijaibiwa kitu isipokuwa usingizi, maana mwenzangu wa chumbani anakoroma kama mashine ya kusaga iliyokosa mafuta.

Studio iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vigae. Ukiingia unadhani umeingia ndani ya godoro: kuta zote zimevikwa sponji nyeusi, hakuna dirisha, na katikati kuna kibanda cha kioo chenye kipaza sauti. Kazi yao ni kutia sauti tamthilia za kigeni. Watu wa kwenye picha wanapanua midomo kwa lugha yao, sisi tunawajaza ya kwetu. Wiki hii peke yake nimekuwa mkunga, nimekuwa kelele za harusini, na nimesukumwa kwenye ngazi nikafa. Anayetuongoza ni mama mmoja mfupi, miwani inaning'inia kifuani. Wote wanamwita Kamanda. Jana alinisimamisha katikati ya kilio: "Binti, unalia kama mtu aliyepoteza kijiko. Lia kama aliyepoteza mume." Nikajaribu tena. Akasema sasa nimefika kwenye sufuria.

Chuo kimetuleta sita kwa mafunzo ya vitendo, muhula mzima. Mhadhiri wetu alituambia siku ya kutuaga, "Darasani mmekunywa mchuzi, sasa nendeni mkatafune mifupa." Anayefanya vizuri huajiriwa hapahapa. Baba, nataka kuajiriwa hapahapa.

Shangazi nitampigia simu, ila wewe nitakuandikia, kama tulivyozoea tangu nilipokuwa bweni. Nakujua. Neno likikukwama kooni, mtu wa upande wa pili anadhani mtandao umekatika, anakata. Barua haikati. Kondakta wa basi ameniahidi atazipokea na kuzileta kila mara.

Sukari ya Shangazi vipi?

Chiriku wako


9 Februari

Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili zahanatini na mara ya tatu kwa Shangazi yako, ambaye alicheka mpaka akatoboa kidole kwa pini. Amesema nikuulize kama huyo aliyekufa kwenye ngazi amezikwa vizuri.

Wagonjwa kwenye benchi bado wanakuulizia. Unakumbuka ulivyokuwa unasimama pembeni ya meza yangu kila likizo? Mimi naandika kwenye karatasi, wewe unageuza kuwa maneno. "Baba anasema vidonge hivi ni baada ya kula, si badala ya kula." Walicheka, lakini walimeza. Sasa nina muuguzi mpya, msichana hodari, ila akiwaelekeza anasema kama anasoma tangazo la kuhama. Juzi bibi mmoja wa presha aliniambia, "Daktari, huyu anatusomea. Yule mtoto wako alikuwa anatuambia." Nilitaka kumtetea muuguzi, lakini hadi neno la kwanza linatoka, bibi alikuwa amefika barabarani.

Shangazi yako sukari yake imeshuka tangu nilipomwanzishia sindano. Kila asubuhi tunapigana. Anauliza, "Sindano isiyo na uzi inashona nini?" Namwonyesha saa, namwonyesha mkono wake, anageuza uso ukutani kama anayechinjwa. Baadaye anakwenda barazani kwenye cherehani yake, anawasha redio, na amesahau.

Juhudi iwe nyingi, mwanangu. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Usije ukadhani ni shanga.

Baba yako


3 Machi

Baba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Nimechaguliwa!

Meneja wa studio alikuja mwenyewe, yule mrefu ambaye manukato yake hutangulia kuingia mlangoni. Alitusikiliza wanafunzi wote sita, kisha akaninyooshea kidole. "Sauti yako," akasema, "mtu anaiamini kabla hajaielewa." Baba, kwa kusimama pembeni ya meza yako nimepata cheti ambacho chuo hakina.

Sasa niko peke yangu kwenye kibanda tangu asubuhi hadi jioni. Nasoma sentensi. Hazina hadithi, hazina kichwa wala miguu. "Mvua itanyesha kesho alasiri." "Tafadhali funga mlango taratibu." "Mjomba amenunua mbuzi wawili weusi." Nasoma kwa furaha, narudia kwa huzuni, narudia kama namnong'oneza mgonjwa. Nikirudi chumbani koo limekauka kama kitambaa cha pasi. Nilimuuliza fundi sauti, kijana mpole asiyependa maneno mengi, sentensi hizi ni za tamthilia gani. Akasema ni majaribio ya mitambo, akachukua chai yake akaenda kuinywea nje.

Wenzangu wananionea gere kidogo. Hata Kamanda. Jana alinipita kwenye korido akasema, "Anayeuza mbegu, mwaka ujao atapanda nini?" Nilicheka kwa adabu. Watu wazima wakiona kijana anapanda, huwa na mafumbo.

Mwambie Shangazi ajiandae kunishonea gauni la kazini.

Chiriku


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Niko salama. Kazi ni nyingi, ndiyo maana barua ni fupi. Zile sentensi zimekwisha. Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi.

Chiriku


14 Aprili

Kwako mtoto wa kaka yangu, ua la nyumba,

Naandika kwa siri, baba yako yuko zahanatini, na mwandiko usiucheke maana mkono huu umezoea mkasi. Mwanangu, umetuficha! Nilikuwa nashona barazani, redio inaongea mambo yake, mara nasikia, "Ndugu yangu mwenye kisukari, umechoka na sindano?" Mguu ukasimama kwenye cherehani wenyewe. Nikasema huyu namjua! Huyu nimemfunga vishikizo! Nikaita majirani, wakaja, wote wakasema ni yeye, ni yule wa zahanati. Tangu siku hiyo kila saa ya tangazo barazani kwangu kunajaa, wengine wanakuja na viti vyao.

Sasa nikwambie jambo, na ulimeze. Nimeinunua ile dawa unayoitangaza, ya chupa ya kijani. Ulivyosema, kifuniko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na sindano uziweke kando, mwili upumzike, ndivyo ninavyofanya. Baba yako nimempiga chenga. Nilimwambia sasa nataka kujidunga mwenyewe, akafurahi masikini, alikuwa analitaka siku nyingi. Basi kila asubuhi naingia chumbani, nafunga mlango, napiga ukelele, "Aii!" kisha dawa naimwagia ua la kwenye kopo. Siku ya kupimwa kidole nilisema nina bi harusi anakuja kupima nguo.

Nasikia mwepesi! Kiu tu ndiyo inanisumbua, na macho yana ukungu kidogo, ila wewe ulisema siku za mwanzo uchafu ukitoka mtu huona mabadiliko. Ile pini niliiangusha tena nikaikanyaga, tobo la kidole cha mguu limekuwa kidonda, lakini hakiumi hata chembe. Nikaona ndiyo dalili ya kupona.

Najua hukumwambia baba yako kwa sababu ana wivu na dawa za wengine. Usijali, siri iko kwangu. Kila nikimaliza kunywa naiambia redio, ahsante mwanangu.

Shangazi yako anayekupenda

Gauni nimelikata, la bluu.


16 Aprili

Kwa binti yangu,

Nimesikia tangazo lako. Nimelisikia leo kwenye simu ya mgonjwa niliyemuuliza kwa nini ameacha sindano. Alinibonyezea redio, akaiweka juu ya meza yangu, mahali pale pale ulipokuwa unasimama.

Nimekaa na kalamu muda mrefu sijui nianzie wapi. Maneno yangu hunikwama mdomoni, hayajapata kunikwama mkononi. Leo yamekwama.

Unajua sindano ya kisukari ni nini. Unajua kuliko watoto wote wa rika lako. Umewaona waliochelewa. Ulishika taa nilipokuwa nasafisha miguu yao. Kama ulihitaji kazi kiasi hicho, ungeniandikia nije nikuchukue. Sikukufundisha kuwa ulimi wangu ili uje uukodishe kwa wauza maji ya rangi.

Watu hapa hawasemi "redio imesema." Wanasema "Daktari amesema, kwa mdomo wa mtoto wake." Nikijaribu kukanusha, wananitazama kwa huruma, wananingoja nimalize, halafu wanakwenda dukani.

Mshukuru Mungu kwamba Shangazi yako yuko chini ya macho yangu. Siku hizi anajidunga mwenyewe, bila kusukumwa.

Sina zaidi.

Baba yako


17 Aprili

Baba, Baba yangu,

Si mimi.

Kondakta ameniletea barua mbili pamoja, yako na ya Shangazi. Nilifungua ya Shangazi kwanza kwa sababu yeye hunichekesha. Simu yake iliita tu. Nikapiga ya zahanati, akapokea muuguzi, nikampigia kelele, sijui nilisema nini, "Kopo la maua! Mwambie Baba hadungi, anamwagia maua!" Nikakusikia nyuma yake, "Sh-sh-sh," neno Shangazi halitoki, kisha kiti kikaanguka. Muuguzi akasema umeshatoka mbio, umeacha hata miwani. Tangu hapo hakuna anayepokea. Naandika kwa sababu sijui mikono niipeleke wapi.

Baba, nilikuwa sijalisikia hilo tangazo. Huku juu hatusikii chochote, ni sponji tupu. Nilishuka kwenye duka la vigae, wana redio kaunta, nikasimama mpaka likapigwa. Ni mimi, Baba. Ni mimi kabisa. Hata ile namna ninavyovuta pumzi kabla ya neno zito, ambayo niliipata kwa kukungoja umalize kuandika, imo. Muuzaji akaniambia, "Dada, wewe ndiye yule!" Nikasema ndiye, halafu nikasema siye.

Nilimshika fundi sauti mkono mpaka akasema. Zile sentensi za mvua na mbuzi zilikuwa za kuifundisha mashine. Imeshajifunza. Wameipa jina, wanaiita Dada Tulivu. Mteja anaandika maneno yoyote, Dada Tulivu anayasema kwa sauti yangu. Mimi sihitajiki. Ndiyo sababu barua yangu ya mwanzo wa mwezi ilikuwa fupi. Nilikuwa nimeshaondolewa kwenye kibanda, nakunja nyaya koridoni, naona haya kukuambia. Mkunga sasa ni mashine. Anayekufa kwenye ngazi ni mashine.

Niambie yuko salama. Niambie chochote.

Chiriku


22 Aprili

Mwanangu,

Barua yangu ya tarehe 16 ichome. Naomba hilo kwanza kabla ya yote.

Nilimkuta kwenye kiti chake cha cherehani, kichwa kimelalia gauni la bluu. Pumzi zake zilikuwa ndefu na za haraka, na mdomo unanukia kama matunda yaliyooza. Harufu hiyo naijua. Nilimwita nikashindwa hata kumaliza jina lake. Redio ilikuwa inaongea. Niliing'oa waya kwa nguvu mpaka soketi ikatoka ukutani.

Tulimpeleka hospitali ya mkoa kwa gari la mwenye duka, yule yule anayeuza chupa za kijani. Alilia njia nzima. Naye alizinywa, naye aliuza kwa imani, kwa sababu ni wewe umesema. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia ndani ya gari lile.

Yuko hai. Hakuamka siku ya kwanza wala ya pili. Kidonda cha kidoleni kilikuwa kimeshapanda. Alipovuliwa soksi, daktari wa upasuaji alinitazama mimi, mtabibu mwenzake, kama anayeuliza nilikuwa wapi. Wameukata mguu juu kidogo ya kifundo. Ni wa kulia, unaokanyaga cherehani.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Shangazi yako lilisikia vizuri mno, ndilo lililomponza. Na mimi nilikuwa chumba cha pili, nikisikia "Aii!" ya kila asubuhi, nikitabasamu.

Lizuie hilo tangazo, Chiriku. Kama lina mwenyewe, mtafute.

Baba yako


3 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimewatafuta wenyewe wote. Nitakuambia nilivyopokewa.

Meneja alinipa kiti na maji baridi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata kuhusu mguu. Akasikitika, Baba, kweli alisikitika. Kisha akasema, "Lakini tuelewane. Wewe ulisoma 'mvua itanyesha kesho.' Hiyo ndiyo yako, ichukue. Hayo ya sindano hukuyasema wewe, kayasema Dada Tulivu." Nikamwambia Dada Tulivu ni mimi. Akasema, "Ungekuwa wewe, ungekuwa umevunja sheria kwa kutangaza dawa. Unataka kuwa wewe?" Nikamuuliza nani aliwaruhusu kuuza sauti yangu. Kuhusu ruhusa akasema makubaliano ni kati yao na chuo; kazi yote ya mwanafunzi wakati wa mafunzo ni mali ya studio, nikaulize chuoni.

Nikaenda chuoni. Mhadhiri wetu alifunga mlango, akashika kichwa. "Nakuelewa kama mzazi," akasema. "Lakini hii ndiyo studio pekee inayopokea wanafunzi wetu. Nikiwagusa, wadogo zako wa mwaka wa pili watakwenda wapi?" Akaniahidi kuandika barua ya kuuliza. Nilipotoka alikuwa anapokea simu, anacheka na mtu.

Nikaenda kituo cha redio. Sikuvuka mapokezi. Msichana wa pale aliuliza nina uthibitisho gani kwamba sauti ni yangu. Nikamsemea. Nilisema tangazo lote, neno kwa neno, nimesimama pale na watu wanapita. Akanisikiliza kwa makini, akasema, "Kweli mnafanana." Kisha akasema wao hupiga kinacholetwa, nikamtafute mwenye bidhaa. Mwenye bidhaa ana namba moja ya simu. Ukiipiga, Baba, anayepokea ni mimi. "Karibu ndugu yangu, usikate simu, muda si mrefu utahudumiwa." Nilisubiri nikijisikiliza mpaka salio likaisha.

Fundi sauti peke yake ndiye aliyenitafuta mwenyewe. Nilimwomba anifute kwenye mashine. Akasema hata angetaka asingeweza, imeshauzwa kwa wengi, iko kwenye mashine za watu asiowajua. "Utaitoaje chumvi kwenye mchuzi?" Kamanda alikuwa anatusikia. Hakufumba fumbo safari hii. Alisema wiki ijayo na yeye anaanza kusoma sentensi, ana watoto, hana pa kukimbilia.

Nimeacha kwenda studio. Mhadhiri anasema muhula utahesabiwa nimefeli.

Nije? Niambie nije, nisimame kwenye benchi niwaambie kwa mdomo wangu.

Chiriku


10 Mei

Mwanangu,

Usije huku. Nenda hospitalini ukakae na Shangazi yako. Mimi siwezi kuacha zahanati, wanaletwa wengine, na muuguzi peke yake ataelemewa. Jana tumempoteza yule bibi wa presha. Alikuwa na kisukari pia, sikujua kama naye anatumia chupa. Mjukuu wake aliikuta chini ya mto.

Niliandika ofisi ya afya. Wamenijibu kwa heshima kubwa. Chupa ile imesajiliwa kama kinywaji, si dawa, hivyo si mambo yao. Niwaone wa vinywaji. Wa vinywaji wamenijibu kwamba kinywaji chenyewe ni safi, hakina sumu, na kinachosemwa redioni si mambo yao. Wote wamesema kweli. Hakuna aliyenidanganya hata mmoja, nami sijui nimshike nani shati.

Kuhusu benchi, nilijaribu. Jumatatu, watu wakiwa wamejaa, nilisimama mwenyewe. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi asubuhi mbele ya kioo cha kunyolea: "Tangazo lile si mwanangu, msiache sindano." Maneno machache. Nilianza na "Tangazo," nikabaki kwenye "ta." Chiriku, nilibaki pale. Jasho lilinitoka. Mama mmoja akainamisha kichwa ili asinione. Mtoto akacheka, akafinywa. Nilipofika kwenye neno "mwanangu," mzee wa karibu na mlango akanishika bega kwa upole, akasema, "Pumzika Daktari, usijitese. Mwanao ameshatuambia vizuri." Wengine wakaitikia. Walidhani nataka kulisifia.

Muuguzi akasimama akalisema lote kwa niaba yangu, kwa sauti kubwa, wazi kabisa. Wakamsikiliza. Wakatoka wakisema nimegombana nawe mambo ya kifamilia.

Ungekuja, wangesema nimekulazimisha. Nimeshawasikia wakisema kwamba yule wa redioni yuko huru, ndiyo maana anasema kweli.

Nenda kwa Shangazi. Mpake mafuta mikono, anapenda.

Baba yako


19 Mei

Baba,

Shikamoo. Niko naye. Kitanda chake kiko karibu na mlango wa wodi, mahali ambapo kila anayepita anamgusa bila kukusudia. Amepungua mpaka shanga zake za mkononi zinateleza hadi kwenye kiwiko. Namwosha, namlisha uji, nampaka mafuta. Daktari anasema figo zinaitikia dawa, na akili itarudi taratibu. Macho hana hakika nayo. Anaona mwanga na vivuli.

Hanijui, Baba. Siku ya kwanza nilimwambia, "Shangazi, ni mimi, Chiriku." Akanipapasa uso, akacheka kwa adabu kama anavyowachekea wateja wapya. "Chiriku yuko mjini," akasema. "Ana kazi kubwa." Ananiita muuguzi. Ananisifu kwamba nina mkono mwepesi. Nimejaribu kila kitu tulichowahi kuongea, mambo ya utoto wangu, siku aliponishonea suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Anasikiliza, anauliza, "Nani alikusimulia hayo?" Sauti yangu imekauka kwa kulia na kwa kukosa usingizi, pengine ndiyo sababu. Au labda si sababu.

Mguu bado anauulizia. Asubuhi anasema, "Muuguzi, nikunie kisigino." Nami namkunia shuka.

Leo mchana mama wa kitanda cha pili aliletewa redio ndogo na watoto wake. Naye ni wa kisukari, amelazwa kwa kidonda. Nilikuwa namlisha Shangazi, kijiko kiko njiani, likaanza. Si lile la zamani, ni jipya. Muziki, kisha mimi, taratibu, karibu sana, kama niko ndani ya mto wake: "Ndugu yangu, hata mimi nina shangazi. Alikuwa amekata tamaa. Leo anatembea."

Walioandika hawamjui, Baba. Nimewaza tangu mchana na sioni wangemjulia wapi. Wametafuta tu neno la kumlainisha mtu, na shangazi kila mtu anaye.

Shangazi alinishika kifundo cha mkono, uji ukamwagika. Uso wake ulifunguka, sijauona hivyo tangu nije. Nikasema, "Shangazi, huyo si mimi. Mimi niko hapa, nimekushika, hii hapa ndiyo sauti yangu, nisikilize mimi." Nilisema kwa nguvu mpaka wodi nzima ikageuka.

Akaweka kidole mdomoni. "Shh, muuguzi, tafadhali. Subiri amalize. Huyo ni mtoto wa kaka yangu."

Akamwomba mama wa pili aongeze sauti. Yule mama akaongeza. Wodi yote ilinyamaza, hata mfagiaji aliegemea fagio lake. Mimi pia nilisikiliza, Baba, ningefanya nini? Lilipokwisha, yule mama akamwambia mwanawe wa kiume, "Umesikia? Kesho ukija, pitia dukani." Nikamwendea. Nilimweleza kila kitu, kuhusu mashine, kuhusu mguu, nikamwonyesha mguu wenyewe. Alinitazama kwa huruma, kama wanavyokutazama wewe. "Haya mwanangu," akasema, "nimekuelewa." Kisha akamgeukia mwanawe, akampa ishara kwa jicho, nami nikaiona.

Nilirudi nikaketi. Shangazi alikuwa bado anaitabasamia dari. Alinipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaubana.

"Umemsikia?" akaniambia. "Yule hajawahi kuniongopea."

Binti yako